Sura ya Tisa: Bakuli la Mzee Lazaro

Krr. Krr. Krr.

Kijiko kilikuwa kinakwangua bakuli gizani, taratibu, kama cha mtu anayetafuta uji wa mwisho na hana haraka. Sajenti Nanyokie alisimama kwenye korido bila viatu. Alikuwa ameviacha mlangoni kwa sababu ya tope. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Umeme ulikuwa umekatika Buger nzima tangu jana jioni, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mahindi.

"Ingia tu, afande. Mlango hauna komeo," alisema Domitila nyuma yake, akija na taa ya sola.

Mwanga ulipogusa pazia, kijiko kilinyamaza.

Ndani, Mzee Lazaro alikaa kwenye ukingo wa kitanda, blanketi mabegani, bakuli tupu mapajani. Miaka thelathini na moja alikuwa dereva wa kushusha watalii kreta, na ukutani palikuwa na picha yake akiegemea Landrova, mikono imekunjwa, kofia upande. Mikono ile ile sasa ilikuwa ikitetemeka juu ya bakuli. Kando ya ukuta, kwenye kitanda kidogo, mjukuu wake Sabina, miaka mitano, alikuwa amejifunika shuka hadi puani na kufumba macho kwa nguvu. Alilala chumba hiki ili babu akianguka, aite.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Sauti ilitoka ndogo mno, imechelewa.

Nanyokie alivuta kigoda. Alikuwa mzaliwa wa Wasso, mpelelezi wa kituo cha Karatu kwa mwaka wa nne, na jalada la nyumba hii lilikuwa mkononi mwake tangu jana. Malalamiko yalikuwa mafupi: Vumilia, mkwe wa mzee, anamtilia sumu kwenye uji wa alfajiri. Aliyelalamika ni Domitila, binti mkubwa wa mzee. Vumilia alikamatwa jana saa nane mchana, na leo ikifika saa nane, saa ishirini na nne za sheria zingekuwa zimekwisha. Ama apelekwe mahakamani kwa shtaka la kujaribu kuua, ama arudi nyumbani. Koridoni palikuwa na begi dogo la nguo za Sabina, binti wa Vumilia, limefungwa tayari. Domitila alikuwa amepanga kumchukua mtoto aende naye Mbulu.

"Uji wa leo nani kapika?"

"Mimi mwenyewe."

"Kaumaliza?"

"Si unaona bakuli? Anamaliza kila siku." Domitila aliweka taa mezani. "Ndiyo nakuuliza wewe uliyesoma, mtu anayemaliza bakuli kila siku anakondaje? Mkono kutetemeka, sawa. Daktari alituambia ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo, tukakubali. Lakini tumbo limefunga. Misuli imekwisha. Juzi karatasi ya hospitali inasema na ini halifanyi vizuri." Aligusa kilemba chake. "Ubongo uko huku." Akagusa ubavu. "Ini liko huku. Nani katoka kule kuja huku, kama siyo mtu katia kitu?"

Nanyokie aliliandika swali lile neno kwa neno. Lilikuwa swali zuri. Jalada zima lilikuwa limesimama juu yake.

"Anakula na nani?"

"Peke yake. Mkwe hali na baba mkwe, hiyo unaijua. Na huyu mtoto nilishamkataza kugusa vyombo vya babu, asije akaambukizwa kutetemeka. Bakuli lake, kijiko chake."

Midomo ya mzee ilisogea. Nanyokie aliinamisha sikio.

"Mimi sili peke yangu," alisema Mzee Lazaro.

Domitila akashusha pumzi. "Mama alifariki, huu mwaka wa sita. Baba anaona watu ambao hawapo, afande. Usimwandike."

Nanyokie alimwandika.

Kulipopambazuka alikuja Martini, mwenyekiti wa kitongoji, kuwa shahidi wa upekuzi. Alikuwa mtu mrefu mwenye koti la mvua na maneno mengi.

"Yeyoo, mama, nyie Wamaasai na uji wapi na wapi? Kweli mtajua uliotiwa kitu?"

"Tunakunywa, mwenyekiti. Maziwa yakiisha."

"Na yanaishaga?"

"Bado hatujaona."

Martini alicheka mpaka akakohoa. Alinyamaza walipoingia chumba cha Vumilia na mumewe Aloyce, ambaye siku ya tatu sasa alikuwa kreta na wageni, kusikoshika mtandao. Chini ya kitanda, nyuma ya bomba la kupulizia dawa, palikuwa na chupa ya lita moja yenye alama ya fuvu.

"Haya!" Domitila alipiga makofi mara moja. "Mchuma vitunguu wa Baray. Nilisema mimi! Alikuja kutoka Singida na bomba mgongoni, leo chupa hiyo hapo."

Nanyokie alivaa glavu. Aliipiga picha chupa pale pale ilipokuwa, akaitoa, akamwonyesha Martini, kisha akazungusha kifuniko. Chini yake palikuwa na karatasi ya bati, imebandikwa pande zote, haina hata tundu la sindano.

"Mwenyekiti, unaona nini?"

Martini alikaribia. "Haijafunguliwa."

"Andika hivyo na uweke sahihi."

"Atakuwa na nyingine," alisema Domitila, lakini kwa sauti iliyoshuka.

Juu ya kabati palikuwa na daftari la shule, jalada limevikwa gazeti. Domitila alilinyakua kabla ya wote.

"Na hii, afande! Hii ndiyo nilikuwa naitafuta. Anaandika jinsi baba anavyokufa, siku kwa siku. Mtu mwema anaandika hivyo?"

Nanyokie alilichukua, akafungua katikati. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyejifunza ukubwani, kila herufi imesimama wima.

*Jumatatu. Kidonge saa kumi na nusu, uji saa kumi na moja. Kamaliza. Choo hakuna, siku ya nne. Mkanda tundu la sita.*

*Jumanne. Uji, kamaliza. Maziwa yaliungua jikoni, baba hakusikia harufu. Kaanguka mara moja, hakuumia.*

Kurasa sitini na kitu. *Kamaliza. Kamaliza. Kamaliza.*

"Hili nalichukua," alisema.

*

Saa tatu asubuhi, kituoni, Vumilia aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa mwembamba, kanga imefungwa vizuri, ingawa alilala sakafuni. Alikaa wima kama mtu aliyeitwa kusoma mbele ya darasa.

"Mkanda tundu la sita. Maana yake nini?"

"Mkanda wa baba. Nilipoolewa alikuwa anafunga tundu la pili. Akipungua natoboa jipya kwa msumari wa moto. Mzani nyumbani hatuna, afande."

"Nani alikufundisha kuandika haya?"

"Hakuna. Mwalimu wetu wa darasa la jioni alisema anayetaka kujua jambo aliandike kila siku, hata kama ni dogo. Nikasema kwetu jambo ni baba."

"Kwa nini umeandika kamaliza kila siku, na mtu anakonda?"

"Kwa sababu bakuli linarudi tupu. Ninachoona ndicho naandika. Kama ningekuwa namdhuru, si ningeandika hataki kula?"

Nanyokie alishika kalamu. Lilikuwa jambo la kuliandika pia.

"Sikuombi unionee huruma," alisema Vumilia. "Baba hakunifukuza nilipofika pale na ndoo moja na bomba. Alisema, mtu anayejua kulima vitunguu kwenye jua la Baray nyumba yangu haimshindi. Naomba tu usome daftari lote. Na Sabina..." Alikaza fundo la kanga. "Sabina asipelekwe Mbulu kabla hujamaliza kusoma."

*

Hospitalini, Daktari Dorkasi, naye mzaliwa wa Buger, alikuwa na wagonjwa kumi na mmoja kwenye benchi. Alilipokea daftari akiwa amesimama. Kwenye ukurasa wa tatu akakaa.

"Nani kaandika?"

"Mtuhumiwa."

"Mtuhumiwa!" Daktari alifunua haraka, kidole kikishuka kwenye mistari. "Choo. Harufu. Kuanguka. Saa ya kidonge. Afande, nina wanafunzi wa utabibu hapa, wanasomea diploma, siwapati kuandika hivi. Huyu ni mtoto wa wapi?"

"Singida. Kaolewa kwenu."

"Basi ni wa kwetu," alisema Daktari Dorkasi, na hakutabasamu; alisema kama mtu anayedai kilicho chake.

Nanyokie alimsomea swali la Domitila. Ubongo uko huku, ini liko huku. Nani katoka kule kuja huku?

"Kauliza vizuri kuliko wasomi wengine." Daktari alichukua karatasi, akachora duara. "Hii ni seli ya ubongo. Kila seli hutoa vifuko, vidogo mno, hadubini ya hapa haivioni. Ni kama bahasha. Seli yenye afya huweka humo ujumbe kwa seli jirani. Seli inayougua huweka na takataka zake humo humo, protini zilizoharibika. Sasa, ubongo una ukuta wake. Umewahi kusimama pale juu ukaangalia kreta?"

"Nimezaliwa upande wa pili wake, daktari."

"Basi unajua ule ukingo. Lakini magari yanapanda, yanatoka. Yakifika Karatu mjini unaliona vumbi jeupe la kule chini kwenye matairi, unajua yametoka wapi. Vifuko hivi navyo vinatoka. Vinaingia kwenye damu, na damu inafika kila mahali. Utumbo, misuli, ini. Kinachoonekana ni kwamba vikifika na ile takataka, vinaweza kuvuruga kazi ya kule vilikofika. Kwa hiyo ugonjwa unaanza kichwani lakini hauishii kichwani."

"Unaweza kuyasema hayo mahakamani? Kwamba ndicho kilichompata Mzee Lazaro?"

Daktari aliweka kalamu. "Naweza kusema inawezekana. Homa ya ini nimepima, hana. Pombe hanywi. Lakini utafiti wa vifuko bado mchanga, na mimi hapa sina mashine ya kuvikamata kwenye damu yake. Nikiapa kwamba ni hivyo, nitakuwa nimedanganya."

"Hakimu hataridhika na inawezekana."

"Najua. Damu ya kupima sumu mmeipeleka Arusha?"

"Jana. Majibu wiki mbili. Mimi nina mpaka saa nane."

Nje, mtu aliita namba saba.

"Niulize upande wa pili," alisema Nanyokie. "Tuseme ni sumu kweli, kidogo kidogo kwenye uji, miezi. Ungetegemea kuona nini kingine?"

"Ningemtafuta aliyekula naye. Chakula chenye kumfikisha mtu mzima hapa kingemwangusha mwenzake pia. Akiwa mtoto, angeanza yeye. Mwili mdogo hauvumilii."

"Anakula peke yake."

"Kwa mkono ule?" Daktari Dorkasi alitikisa kichwa. "Mkono wake unapiga mara nne, tano kwa sekunde, na hata akishika kijiko hautulii. Nimemwona hapa na kikombe cha chai." Alichukua kalamu, akaigonga haraka kwenye ukingo wa kikombe chake. Ta-ta-ta-ta-ta. "Hivi. Nyumba nzima inajua mzee anakula."

Nanyokie aliinua kichwa.

"Rudia."

Ta-ta-ta-ta-ta.

"Na kukwangua? Anaweza kukwangua bakuli, taratibu, kijiko kisigonge?"

"Yule? Hawezi. Atagonga tu."

Nanyokie alisimama, akafunga daftari lake la kazi, akamwachia daktari tabasamu la kwanza la siku hiyo. "Kuna mtu nilimsikia leo gizani, daktari, nikamdhania mwingine."

*

Alimpigia mkuu wake simu, akaomba kumchukua mtuhumiwa kwenda kwenye eneo la tukio. Pingu alizining'iniza kiunoni mwake mwenyewe. Walifika Buger saa sita na nusu, na Vumilia aliposhuka kwenye gari, majirani wawili waliokuwa wakipura maharage waliacha. Alipita mbele yao akawasalimu kwa majina. Mmoja aliitikia.

Domitila alikuwa uani. "Umemrudisha?"

"Nimemleta kusikiliza. Na wewe nakuomba kitu, dada. Pika uji. Unga wako, maji yako, mkono wako. Wifi yako asiguse hata kuni."

"Saa hizi?"

"Saa hizi."

Uji ulipikwa. Martini aliitwa, akasimama jikoni kama askari, akiangalia mwiko. Domitila alipakua kwenye bakuli la mzee, akalipeleka ndani, akaliweka mapajani pake, kijiko mkononi. Sabina alikuwa kwenye kitanda chake kidogo, akichezea kifuniko cha chupa ya soda. Alipomwona mama yake koridoni aliruka, na Vumilia akamkumbatia kwa mikono yote miwili, pua kwenye nywele. Alipojaribu kumwinua, alipepesuka.

"Mzito huyu," alinung'unika Domitila, bila kutaka. "Anakua kama mgomba."

"Sabina, kaa na babu kidogo," alisema Nanyokie. "Sisi tuko nje."

Pazia lilishushwa. Wanne walisimama koridoni: mpelelezi, mtuhumiwa, mlalamikaji na mwenyekiti. Nanyokie alisema kwa kunong'ona.

"Dada, uliuliza nani katoka kichwani kuja kwenye ini. Daktari anasema ubongo wenyewe hutuma, kwenye damu, vifuko ambavyo jicho haliwezi kuviona. Hawezi kuapa kwamba ndiyo hivyo kwa baba yako. Lakini jambo moja yuko tayari kuliapia. Kama uji huu ulikuwa na sumu, na kuna mtoto anayekula bakuli hilo, mtoto angeanguka kabla ya mzee."

"Mtoto hali bakuli hilo. Nilimkataza."

"Tusikilize basi."

Ta-ta-ta-ta. Kijiko kiligonga ukingo wa bakuli, kikanyamaza, kikagonga tena. Kilikwenda hivyo kwa muda mrefu, kwa ukaidi, kama gari linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Domitila aliangalia sakafu. Martini alivua kofia bila sababu.

Kisha kimya. Godoro lililia kidogo.

Krr. Krr. Krr.

Taratibu, bila kugonga hata mara moja.

Vumilia aliziba mdomo kwa kanga. Alimtazama Nanyokie kwa macho ya mtu asiyejua, na Nanyokie aliyaona, akayaweka akilini pamoja na yale ya chupa na ya daftari. Akavuta pazia.

Sabina alikuwa amepanda kitandani kwa babu, miguu imekunjwa, bakuli mapajani, uji kidevuni. Mkono wa Mzee Lazaro ulikuwa juu ya kichwa cha mtoto, ukitetemeka, na mtoto hakujali.

"Nilikukataza!" Domitila alisogea hatua moja. "Sabina! Nilikuambia vyombo vya babu—"

"Mwache." Lilikuwa neno moja, na lilitoka kwa Mzee Lazaro kwa sauti iliyofika mpaka koridoni. Alikusanya pumzi. "Kwetu mzee hakombi bakuli. Anabakisha. Baba yangu alinibakishia mimi. Mimi nikakubakishia wewe, Domitila, nikitoka kreta. Umesahau?"

Domitila alitazama bakuli, akamtazama mtoto kuanzia miguu iliyonona mpaka mashavu, kama anayemwona leo. Alikaa kwenye kigoda polepole.

"Mimi niliandika kamaliza," alisema Vumilia. "Afande, niliandika uongo bila kujua."

"Uliandika ulichoona. Kesho utaongeza mstari."

Nanyokie alitazama saa. Saa saba na dakika ishirini. Alichuchumaa mbele ya kitanda mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Sabina, hapa hakuna anayekugombeza. Mwenyekiti yule ataandika utakachosema, kwa hiyo sema kwa sauti. Bakuli la babu kila siku anamaliza nani?"

Mtoto alimtazama mama yake. Vumilia, shingo wima, machozi yakishuka bila kufutwa, alimwitikia kwa kichwa. Martini alishika kalamu. Mzee Lazaro aliinua kidevu, kama yule wa kwenye picha ukutani.

Sabina alimeza uji uliobaki mdomoni.

"Mimi ndiye huwa namaliza."